Wiki Ijayo Bungeni na Mabati ya Mabani

Vijana wangu wa redio, siku niliyokuja kuondoa vitu vyangu mezani mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu mkono mmoja ulishika kikombe na mwingine kapu. Aliuliza: "Bibi Zuhura, hii ratiba ya Bunge unayosoma kila Jumapili, nani anaisikiliza? Si iko kwenye simu?" Wenzake wakacheka kwa adabu, nami nikacheka nao nikaondoka. Sasa nimekaa nyumbani, chai ipo, sina haraka. Nijibu.

Kipindi chenyewe ni kifupi. Jumapili jioni, baada ya taarifa ya habari na kabla ya salamu za wasikilizaji, unawaambia watu wa Tabora, Nzega, Urambo na vijiji vya katikati Bunge litafanya nini huko Dodoma kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Muswada gani unasomwa, hoja gani inajadiliwa, swali la kwetu limepangwa siku gani. Bunge lisipokaa, na kipindi hakipo. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa jina la Mama Bunge pale sokoni, ingawa katika ukoo wetu aliyewahi kuukaribia uongozi ni mjomba wangu mmoja tu, aliyegombea udiwani akashindwa na muuza mkaa.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Yohana, mhariri wetu, Mmoraviani aliyevaa tai hata siku ambazo mbuzi wanatafuta kivuli. Mara yangu ya kwanza nilisoma kama nilivyoikuta karatasi: swali namba fulani, kwa wizara fulani, litaulizwa na mheshimiwa fulani. Akanisimamisha kabla sijafika katikati.

"Zuhura, baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani, hapa mtaa wa Ng'ambo."

"Mteja akiingia, baba yako anaanza kumwonyesha namba ya sindano?"

"Hapana. Anamuuliza anataka kushona nini."

"Basi. Mtu wa Puge, kule Nzega, anataka kusikia Puge. Anza na Puge."

Tangu siku hiyo namba nikaziacha kwenye karatasi. Jina la mahali kwanza, pili jambo lenyewe, tatu siku yake, halafu siku unairudia. Unairudia kwa sababu msikilizaji wako mmoja alikuwa anamfukuza kuku jikoni ulipoitaja mara ya kwanza.

Somo lake la pili lilikuwa neno moja. Hakutaka kabisa niseme swali "litaulizwa". Nilitakiwa kusema "limepangwa kuulizwa". Nikamwambia wasikilizaji hawataona tofauti. Akavuta pazia akanionyesha upande wa stesheni. "Wewe umezaliwa mji wa reli. Treni iliyopangwa kufika asubuhi na treni iliyofika, ni kitu kimoja?" Hapa Tabora hakuna mtoto asiyejua jibu la swali hilo.

Mengine niliyapata mwenyewe. Jina la muswada likiwa refu kama mkeka, usilisome hewani kabla hujalijaribu kwa mtu. Mimi nilikuwa na Bi Mwajuma, aliyeuza vitumbua mlangoni kwetu. Nilikuwa nachuchumaa karibu na karai lake na kumweleza muswada. Akiacha kugeuza vitumbua akanitazama, najua nimeusema ukaeleweka. Akiendelea kugeuza, narudi ndani kuandika upya. Kuna muswada mmoja wa mambo ya takwimu nilirudi nao mpaka akaniambia, "Mwanangu, huu waachie wenyewe." Siku hiyo niliusoma kwa sentensi moja, na hakuna aliyelalamika.

Zamani ratiba ilikuja kwa faksi, kwenye ile karatasi inayofifia ukiiweka juani. Joto la Oktoba lilikuwa linatufutia Ijumaa yote. Mzee Yohana akawa anapiga simu Dodoma, jamaa yake anamsomea, yeye anarudia kwa sauti, mimi naandika, na jengo zima linajua shughuli za Bunge kabla ya taifa. Baadaye ikaja barua pepe, kisha tovuti. Sasa wabunge wenyewe wana vishikwambi mezani na karatasi zimepungua. Ni jambo jema, lakini lina kazi yake: kitu kisichochapwa hubadilishwa kirahisi. Ratiba uliyoichukua Ijumaa mchana iangalie tena Jumapili, umeshavaa visikilizio, tayari kuingia hewani.

Na mjue kwamba watu hufunga safari kwa ratiba yenu. Kuna kikundi cha wazee wa Puge kilisikia swali la bwawa lao limepangwa, kikapanda basi kwenda kulisikiliza Dodoma. Mnajua utaratibu: wageni hukaa kule juu, maswali yakiisha Spika anawatambulisha, wao wanasimama, wabunge wanapiga makofi, wageni wanakaa. Walipotajwa, mzee mmoja aliyeitwa Masanja akasimama, akavua kofia, akasalimia kwa sauti ya shambani, "Mwangaluka!" Wabunge wawili watatu wa kanda yetu wakamwitikia kabla hawajakumbuka walipo. Askari akamsogelea taratibu.

"Mzee wangu, huku juu wageni hawasemi."

"Nimewakuta watu wazima wamekaa, nisiwasalimie?"

"Unapunga mkono tu, mzee."

"Mkono ninampungia mtu aliye mbali. Hawa si hawa hapa?"

Aliponisimulia alikuwa bado hajaridhika. Kuhusu bwawa hakukumbuka jibu.

Lakini jibu la swali lenu analo Mama Kalunde.

Mama Kalunde ni mjane, mkulima wa tumbaku, kijiji kimoja mbele ya Urambo, ng'ambo ya mto. Jina la kijiji nitaliacha. Wenyewe wanajijua na wakinisikia nawataja bila ruhusa watanidai soda. Ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Amenizidi umri, kwa hiyo simu zetu zote huanza na shikamoo, hata akiwa amenipigia kugomba.

Mto ule wakati wa masika hujaa mpaka hakuna anayevuka, si kwa baiskeli wala kwa pikipiki. Mkwewe Veronika, mke wa mwanawe wa mwisho, alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza siku mto umejaa. Wakamfikisha ukingoni, wakakaa hapo wakiyatazama maji. Mama alipona. Mtoto hakupona. Baada ya hapo ndipo kijiji kilipoanza kufyatua tofali, na walipozichoma wakamwambia Mama Kalunde asimamie, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatalia.

Mwaka ninaousimulia Veronika alikuwa mjamzito tena, na hesabu za wanawake zilionyesha atajifungua mvua zikiwa zimeanza. Mbunge wao akapeleka swali Bungeni: je, ni lini Serikali itamalizia boma la zahanati ya kijiji kile? Likaingia kwenye ratiba ya mkutano wa Septemba. Jumapili nikasoma: zahanati ya ng'ambo ya mto, Urambo, limepangwa Jumatano. Nikarudia, Jumatano.

Sikuwa nimetoka hata mlangoni simu ikalia.

"Shikamoo Mama Kalunde."

"Marahaba. Zuhura, umesema Jumatano?"

"Nimesema limepangwa Jumatano."

"Haya, hilo neno lako nalijua. Sasa niambie. Wanasema Serikali inamalizia boma lililofika kwenye lenta. Letu liko madirishani. Naibu waziri akisimama Jumatano atasema nini?"

"Nadhani atasema wananchi wafike kwanza kwenye lenta."

Nikasikia anamwita mtu, anamwambia kitu kwa Kinyamwezi, kisha akarudi. "Basi Jumatano boma litakuwa kwenye lenta. Asikose cha kusema."

Vijana, mimi nimezoea watu waahidi mambo kwenye simu. Lakini Jumatatu fundi wao aliyekuwa kwenye msiba Kaliua akaitwa. Wanaume wakapandisha kozi za tofali, wanawake wakasomba maji na mchanga, wanafunzi wakitoka shule wanapita na tofali moja moja kichwani. Jumanne wakafunga nondo na mbao za lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Jumatano asubuhi walikuwa wanamimina zege, redio imetundikwa kwenye nguzo ya jukwaa la mafundi, na fundi ameambiwa kwamba Bunge likianza dua, koleo zote zitulie.

Dua ikasomwa. Kisha Spika akasimama akatangaza kwa masikitiko kwamba mbunge mmoja amefariki dunia asubuhi hiyo. Kwa desturi ya Bunge, shughuli za siku zikaahirishwa. Maswali yote yatapangiwa siku nyingine.

Alinipigia akiwa bado kwenye ujenzi. Nilisikia koleo zimeanza tena.

"Msiba ni msiba," alisema. "Mungu amlaze pema. Tumesimama kumwombea, na zege likataka kutukaukia. Sasa letu lini?"

"Nitaangalia, mama."

Niliangalia. Wiki ile ilikuwa imejaa, wiki iliyofuata ikajaa, na mkutano ukafungwa. Swali likasogezwa hadi mkutano wa Novemba, na hata huko siku ilikuwa bado haijapangwa.

Akaja Tabora mwenyewe. Alinikuta ofisini, akaweka chupa ya asali mezani, akakaa, akajifuta vumbi usoni kwa upande wa khanga. Nikamwagiza Bi Mwajuma chai na vitumbua. Alikula kimoja, kisha akasema lililomleta.

"Jumapili hii lisome."

"Nilisome lipi?"

"Letu. Sema limepangwa. Likisikika kwenye redio, wakubwa wataona aibu, watalipanga kweli."

"Mama Kalunde, siwezi kusoma kisichokuwepo."

"Nani atajua?"

"Wewe. Na watu wako watasimama tena kwenye jukwaa kusikiliza kitu ambacho hakiji. Jumapili itakayofuata nikisoma cha kweli, watasema huyu anatudanganya."

Alisukuma pembeni sahani ya vitumbua. "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kusoma karatasi tu."

Neno hilo liliniingia, sitawaficha. Mzee Yohana alikuwa amestaafu zamani, hakukuwa na mtu wa kumgeukia. Nikamwambia nilichokuwa nacho: ampelekee mbunge wake picha za lenta, amwombe aandike kukumbushia swali lipangwe wiki ya kwanza. Maana jibu la swali la msingi naibu waziri huja nalo limeandikwa. Swali la nyongeza ndilo linalojibiwa pale pale kwa kichwa. Mbunge awe na la kuongeza.

"La nyongeza ni lipi?"

"Chochote kitakachokuwa kimetokea kuanzia leo mpaka siku hiyo."

Alifunga khanga yake akainuka. "Wingu limeanza kukusanyika upande wa Kaliua," alisema. "Mvua ikipiga kuta zile hazijaezekwa, kitakachokuwa kimetokea utakisikia." Asali akaiacha.

Alichofanya baada ya hapo nilisimuliwa na mwanawe. Akitoka stendi alipita kwenye mabani yake, zile nyumba za kukaushia tumbaku. Tumbaku inayokaushwa huingia humo mwezi wa pili, na kabla ya hapo bani ni chumba kitupu chenye masizi. Mama Kalunde akasimama mbele ya bani lake kubwa, akalitazama paa lake la bati. Akamwita mwanawe.

"Hii imeezekwa ya nini?"

"Ya tumbaku, mama."

"Tumbaku iko wapi?"

"Bado haijapandwa."

"Leta ngazi."

Kesho yake mabati yake yalikuwa juu ya vichwa vya wakwe na wajukuu, yanaelekea kwenye zahanati. Majirani wakamcheka, kisha mmoja akapanda kwenye bani lake, na mwingine. Wengine walikataa, na wana haki. Bani lisiloezekwa likifika Februari ni msimu umekwenda na maji. Makubaliano yakawa kwamba mabati ni ya kuazima. Kila mwenye nyumba akaweka alama yake kwa rangi, na yatarudi kabla ya moto wa tumbaku kuwashwa. Mvua kubwa ya kwanza ilikuta zahanati ina paa. Paa jeusi, linalonuka tumbaku kuanzia barabarani, lakini paa.

Novemba, Jumapili ya kwanza, nilifungua ratiba nikiwa nimesimama. Jumanne. Nikaiangalia tena jioni kabla ya kuingia hewani. Bado Jumanne. Siku hiyo nilianza kipindi na zahanati ya ng'ambo ya mto hata kabla ya muswada mkubwa ambao magazeti yote yalikuwa yanauzungumzia.

Jumanne hakufariki mtu. Swali likaulizwa. Naibu waziri akasoma jibu lake vizuri: Serikali inatambua juhudi za wananchi, boma liko hatua ya lenta, litamaliziwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akasimama kwa la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, wananchi wale wamevua mabati kwenye mabani yao ya tumbaku, wameezeka zahanati. Mabati hayo yanarudi kwa wenyewe mwezi wa pili. Kuna akina mama wajawazito wanaoutazama mto. Je, Serikali itapeleka muuguzi lini, na Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami akaone?"

Ukumbi ulicheka kwa hilo la mabani, kisha makofi yakapigwa kwenye meza kwa muda mrefu. Naibu waziri alipoinuka, nadhani alikuwa ameacha karatasi mezani, maana sauti ilibadilika. Alisema yuko tayari. Akasema zahanati isingoje rangi. Muuguzi atakwenda kwanza, yeye atafuata.

Muuguzi akaja kweli, binti mmoja kutoka Singida, wiki chache baadaye, na sanduku la vifaa juu ya pikipiki siku ambayo mto ulikuwa bado unapitika. Swali lake la kwanza kwa Mama Kalunde lilikuwa, "Mama, hapa nani anavuta?"

"Paa," akajibiwa.

Veronika alijifungua Desemba, mvua inanyesha, mto hausikilizi mtu. Mtoto wa kike. Kila matone yalipolipiga bati, masizi kidogo yalidondoka, muuguzi akawa anafuta kitanda na kulalamika, bibi mtu anacheka peke yake ukumbini.

Naibu waziri alikuja Januari akakuta mto umejaa. Alisimama ukingo wa huku na msafara wake, watu wa kijiji wakasimama ukingo wa kule, wakapungiana mikono. Hata hivyo alikuwa ameona alichotakiwa kuona: mto wenyewe.

Februari ikafika na mabati ya Serikali hayajafika. Ahadi ni ahadi. Watu wakaja na ngazi, kila mmoja akatafuta alama yake. Hapakuwa na ugomvi. Ya ukumbini yakashuka, ya stoo yakashuka. Juu ya chumba cha kujifungulia na chumba cha dawa yalikuwa ya Mama Kalunde. Mwanawe akaweka ngazi, mama akaishika akaiondoa ukutani.

"Mama, tumbaku yetu tutaikaushia wapi?"

"Tutaomba nafasi kwa majirani. Wakinikatalia nitakaa sebuleni kwao mpaka wakubali."

Hawakumkatalia, ila alikausha kwa zamu ya mwisho, na majani yake mengine yaliharibika yakisubiri. Aliponiambia hivyo hakulalamika. Alitaja kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Kina mama wengine wawili walijifungulia chini ya mabati yale kabla mvua hazijakatika, na mabati mapya yalipoletwa kiangazi ndipo yake yakarudi kwenye bani.

Basi, kijana uliyeniuliza: nani anaisikiliza? Wengine, sijui. Huyu mmoja namjua. Ratiba iko kwenye simu, kweli, na simu yake inaipata kama wajukuu wapo na chaji ipo. Lakini yeye anasubiri mtu amtajie mahali pake, jambo lake na siku yake, halafu airudie siku. Akiwapigia baada ya kipindi, msimkatie, na muanze na shikamoo.

Jumapili iliyopita alinipigia mimi huku nyumbani. Hajakubali kwamba nimestaafu.

"Zuhura, yule kijana wenu kasema swali la daraja letu la mtoni ni Jumatano. Ni kweli?"

"Limepangwa Jumatano, mama. Kasema vizuri. Lakini unajua yanavyosogezwa, huenda..."

"Najua. Subiri kidogo." Akaweka simu pembeni, nikamsikia akimwita mwanawe. "Waambie watu kesho waje na mikokoteni. Tunaanza kusomba mawe."